Bustani Isiyonyauka: Kuyasoma Majumba ya Texas kwa Macho ya Fasihi ya Kiswahili

Mtafsiri wa Kiswahili anayetaka kuieleza nyumba kubwa ya kale, iliyozungukwa na bustani iliyopangwa kwa ngazi, njia na vidimbwi, hana upungufu wa maneno. Taabu yake ni kwamba hakuna hata moja linalotosha. Anaweza kuandika kiunga, neno la mwambao kwa mashamba ya miti ya matunda yaliyo nje kidogo ya mji. Anaweza kuandika shamba, lakini shamba lina jembe ndani yake. Kitalu ni mahali pa miche. Bustani, neno lililotufikia kutoka Kiajemi, linabeba harufu nzuri tangu asili yake, ila halisemi lolote kuhusu nyumba. Linabaki ua. Ua ni kile kinachochanua. Ua ni uzio, na pia ni uwanja uliofichwa nyuma ya uzio huo. Wanaisimu watatukumbusha kwamba haya ni maneno mawili yaliyogongana kwa sauti, na watakuwa sahihi. Hata hivyo msomaji wa fasihi hawezi kuupuuza mgongano huo, kwa kuwa waandishi wetu hawajaupuuza. Katika riwaya zetu, panapotajwa maua ya tajiri, ukuta hauko mbali.

Makala hii inadai kwamba fasihi ya Waswahili, na hasa ile iliyozaliwa Zanzibar, imetufundisha namna mahususi ya kuisoma bustani ya mwenye mali. Namna hiyo ina maswali mawili. La kwanza: ni nani anayeitunza? La pili: shamba lililoilipia liko wapi? Maswali haya yalizaliwa kwenye ardhi ya mikarafuu na minazi, lakini ninakusudia kuyapeleka Texas, kwenye bustani mbili mashuhuri zilizozunguka majumba ya kihistoria, moja Dallas na nyingine Houston. Sababu yangu si ya kitaaluma pekee. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Dallas, Fort Worth na Houston ni wengi: Watanzania na Wakenya waliokuja kusoma na kufanya kazi, na Wakongo waliofika kama wakimbizi baada ya miaka ya kambini. Watu hawa wanaingia katika bustani hizi, wengine kama wageni na wengine kama vibarua, na hadi sasa fasihi yetu haijawapa namna ya kusema wanachokiona humo.

Bustani kama matini

Tuanze Dallas. Kando ya White Rock Lake, ziwa la kutengenezwa ambalo bwawa lake lilikamilika mwaka 1911 ili kuupatia mji maji, ipo Dallas Arboretum, bustani ya ekari 66 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1984. Sehemu yake kubwa, ekari 44, ilikuwa makazi ya Everette Lee DeGolyer na mkewe Nell. Nyumba yao ilikamilika mwaka 1940 kwa mtindo wa Kihispania, yenye mapaa ya vigae vyekundu na nyua za ndani, na waliiita Rancho Encinal, yaani shamba la mialoni. Jina hilo lenyewe ni tungo. Linaiazima nyumba mpya ya tajiri wa mafuta ukongwe wa karne za Uhispania na Mexico ambao haikuwa nao.

DeGolyer hakuwa mkulima. Alizaliwa Kansas mwaka 1886, na akiwa bado mwanafunzi alishiriki katika kupatikana kwa kisima cha Potrero del Llano namba 4 nchini Mexico mwaka 1910, kisima kilichomjengea jina kabla hajamaliza shahada. Baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa utafutaji wa mafuta kwa mitetemo: baruti hulipuliwa ardhini, kisha mashine husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba. Mwishoni mwa mwaka 1943 serikali ya Marekani ilimtuma Mashariki ya Kati kupima utajiri uliokuwa chini ya mchanga, naye akarudi na hitimisho kwamba kitovu cha uzalishaji wa mafuta duniani kilikuwa kinahamia Ghuba. Wasomaji wetu walioko Maskati, Dubai na Doha hawahitaji kuelezwa uzito wa hitimisho hilo. Wanaishi ndani yake.

Mtu aliyepata utajiri kwa kusikiliza kilicho chini ya ardhi alijizungushia bustani inayotuomba tutazame juu tu. Njia ya magnolia inaelekeza jicho, vidimbwi vinalipumzisha, na nyasi zilizokatwa zinateremka kuelekea ziwani kana kwamba ziwa nalo ni sehemu ya makazi. Kila masika hufanyika tamasha la maua liitwalo Dallas Blooms, ambalo waandaaji wake hulitangaza kwa matunguu 500,000 ya tulipu na maua mengine ya majira hayo. Hapa kuna jambo ambalo mgeni hahimizwi kulifikiria. Baridi ya Dallas haitoshi kulifanya tunguu la tulipu lichanue vizuri mwaka wa pili. Kwa hiyo tulipu huku ni ua la msimu mmoja: hununuliwa, hupandwa, huchanua, hung'olewa, na nafasi yake huchukuliwa na mmea mwingine kabla mgeni hajaiona ardhi tupu.

Msomaji atakuwa ameona nilivyoandika sentensi iliyopita. Kiambishi hu- katika Kiswahili kina sifa mbili ambazo wanafunzi wangu huzikariri bila kuzishangaa: hakitaji wakati, na hakipokei kiambishi cha nafsi. Hupandwa. Lini? Daima. Na nani? Sarufi haidai jibu. Ndiyo maana naona kwamba bustani ya Rancho Encinal, ikisomwa kama matini, imeandikwa yote kwa hu-. Hakuna jana ndani yake, kwa sababu kilichonyauka jana kimeshaondolewa asubuhi na mapema. Hakuna mtenda ndani yake, kwa sababu waliokiondoa wameshapita na matoroli yao kabla lango halijafunguliwa.

Mapokeo yetu yanatushangaza tunapoyaweka kando ya matini hiyo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi unaosimama juu ya magofu ya Pate, unapata maana yake yote kutokana na nyumba iliyoachwa ianguke. Taa zimezimika, vidaka vilivyobeba vyombo vya thamani vimekuwa viota, na anayetembea humo anaonywa kuhusu mwisho wake mwenyewe. Katika utenzi huo jumba huwa mwalimu pale linapobomoka. Texas imechagua kinyume: jumba lisibomoke, ua lisinyauke. Sisemi kuhifadhi ni kosa. Nasema kwamba jengo lililohifadhiwa hutunyima somo ambalo gofu lingetupa bila kuulizwa, na kwa hiyo hutulazimu sisi wenyewe kuuliza.

Mzee Hamdani na vioo vya mitini

Swali la kwanza, la nani anayetunza, tumelipata kwa ukamilifu zaidi katika Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutufikia kwa Kiswahili mwaka 2022 kama Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobeli. Jina la tafsiri lina uamuzi wa kihakiki ndani yake. Jina la Kiingereza linaitaja pepo kama kitu. Kiswahili, kwa kiambishi -ni, kinamweka msomaji ndani yake, na baada ya hapo hatuwezi tena kuitazama bustani kutoka barabarani. Tumo.

Na ndani yake kuna nini? Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anafika kwenye nyumba ya Ami Aziz na kuona nyuma ya ukuta bustani iliyogawanywa sehemu nne, yenye bwawa katikati na mifereji inayoelekea pande zote nne. Msomaji Mwislamu anaitambua picha hiyo mara moja. Ni pepo iliyoahidiwa, imejengwa na mfanyabiashara. Hata hivyo Gurnah hamwachi msomaji astarehe. Anatuonyesha kwamba bustani hiyo ina mtu: Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani, anayefanya kazi kimya tangu asubuhi. Tunapojua historia yake, tunajifunza kwamba aliwahi kupewa uhuru akakataa kuupokea, kwa hoja kwamba aliyeutoa hakuwa nao wa kuutoa. Hoja hii ni nzito kuliko ukombozi wowote unaosimuliwa kwa shangwe. Inamwacha mzee palepale bustanini, akiwa na jembe lilelile, lakini inamnyang'anya mwenye bustani haki ya kujiita mkarimu.

Gurnah anaongeza vioo. Juu ya miti vimetundikwa vioo ambavyo bibi wa nyumba, asiyetoka nje, anavitumia kumtazama anayefanya kazi. Wahakiki wengi wamevisoma vioo hivyo kwa upande wa tamaa yake kwa Yusuf, na usomaji huo una msingi. Ningependa kuongeza kwamba vinatufichulia pia kazi halisi ya bustani ya namna hii. Bustani ni chombo cha kutazamia. Hupangwa ili mtu mmoja aliyeketi aone, na mwingine aliyeinama aonekane au asionekane, kadiri aliyeketi anavyopenda. Rancho Encinal nayo ilipangwa kutazamwa kutoka madirishani. Tofauti ni kwamba Gurnah ameandika kile kilicho ndani ya kioo, na amempa jina.

Kasri na mikarafuu

Swali la pili tumelipata kwa Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978, imesomwa kwa muda mrefu kama riwaya ya Mapinduzi ya 1964, na wapo waliochoshwa na uwazi wa msimamo wake. Kwangu, ubora wake wa kudumu uko kwenye ramani yake. Kasri haisimami peke yake. Hatuwezi kuingia sebuleni mwa Fuad bila kupita kwa wanaochuma karafuu, wanaokama ng'ombe na wanaolala vibandani. Kijakazi, mtumishi aliyezoea kuamini kwamba kumtumikia bwana ni wajibu wake wa kuzaliwa, anabeba katika jina lake historia yote: hakuitwa kwa jina la mtu, ameitwa kwa jina la hali. Pale Vuai na wenzake wanapoanza kusema lugha nyingine, kazi ngumu kuliko zote si kulishinda kasri. Ni kumfanya Kijakazi aone kwamba kasri na uchovu wake ni kitu kimoja.

Jambo dogo la kichapishaji linathibitisha usomaji huu. Tafsiri ya Kifaransa haikuitwa kwa jina la kasri. Iliitwa Les Girofliers de Zanzibar, yaani mikarafuu ya Zanzibar. Mtu anaweza kusema kwamba jina hilo lilichaguliwa kwa ajili ya harufu, ili kumvutia msomaji wa Paris anayependa visiwa vya viungo, na sitabisha sana. Hata hivyo, kwa bahati au kwa makusudi, limetuhamisha macho kutoka kwenye nyumba hadi kwenye miti iliyoilipia.

Shamba la West Columbia

Tukiwa na ramani ya Adam Shafi mkononi, twende Houston. Bayou Bend ni jumba lililojengwa kati ya 1927 na 1928 kwa ajili ya Ima Hogg na kaka zake, kwa usanifu wa John F. Staub, katikati ya ekari 14 kwenye kingo za Buffalo Bayou. Bustani zake zina vyumba kama nyumba: kimoja cha Diana, kingine cha Clio, kingine cha Euterpe, kila sanamu na uwanja wake, kuta zake zikiwa ua wa mimea iliyokatwa kwa unyoofu, na azalea zikiwaka kwa majuma machache ya masika. Ima Hogg aliikabidhi nyumba pamoja na mkusanyiko wake wa samani kwa makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 1957, na ilifunguliwa kwa umma mwaka 1966. Ni mahali pazuri sana. Sitaki msomaji adhani kwamba nasema hivyo kwa shingo upande.

Lakini shamba liko wapi? Ndani ya ekari zile 14 halipo, na mgeni anaweza kuzunguka siku nzima asilione. Liko kusini-magharibi, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, katika mji mdogo wa West Columbia. Huko ipo nyumba nyingine ya kihistoria, ya matofali, iliyojengwa katika miaka ya 1830 na watumwa wa familia ya Patton, waliofinyanga matofali hayo kwa udongo wa mto Brazos na kulima miwa iliyotoa sukari. Gavana wa zamani wa Texas, James Stephen Hogg, baba yake Ima, aliinunua ardhi hiyo mwaka 1901 akiamini kwamba ilikuwa na mafuta. Alifariki mwaka 1906 kabla ya kuyaona, akiwa ameacha wosia kwamba watoto wasiiuze kwa miaka 15. Mafuta yalipatikana, na ndiyo yaliyowapa watoto wa Hogg utajiri mkubwa. Mwaka 1958 Ima alilitoa shamba hilo nalo kwa jimbo la Texas, na leo ni eneo la kihistoria.

Hebu tuipange hadithi hii kama riwaya. Watu wasio huru wanafinyanga matofali na kukata miwa. Wanaachiwa huru mwaka 1865, tangazo likisomwa Galveston tarehe 19 Juni. Miongo kadhaa inapita. Chini ya ardhi ileile yanatoka mafuta, na fedha yake inakwenda mjini kujenga kasri lenye sanamu za miungu wa kike wa kale. Kaka zake Ima wanaendeleza mtaa wa River Oaks kuzunguka kasri hilo, na mikataba ya viwanja vya mtaa huo inawazuia watu weusi kuishi humo, isipokuwa watumishi. Riwaya ya Adam Shafi ingeyaweka yote haya katika sura moja, kwa kuwa shamba na kasri vingekuwa bega kwa bega. Texas imeyaweka katika maeneo mawili, yenye malango mawili na vitabu viwili vya maelezo. Mtu anaweza kuipenda bustani ya Houston na kuihuzunikia nyumba ya West Columbia katika wiki moja bila kutambua kwamba amesoma sura mbili za kitabu kimoja, na kwamba jina la mwandishi wa sura zote mbili ni Hogg.

Pingamizi mbili

Msomaji makini atanipinga kwa mambo mawili, na yote mawili yanastahili jibu.

La kwanza ni kwamba ninaitesa bustani kwa dhambi za ukoo. Ima Hogg angeweza kuyauza yote. Badala yake aliwapa watu nyumba, samani na shamba, na mwaka 1940 alianzisha taasisi ya afya ya akili ambayo bado inafanya kazi. Rancho Encinal nayo leo ni mali ya mji wa Dallas, na mtoto wa mkimbizi anaweza kukimbia kwenye nyasi ambazo hapo awali zilikuwa za familia moja. Haya ni kweli, na ni mema. Ninachodai ni kwamba wema huo haujibu swali la Mzee Hamdani. Kufungua lango ni jambo moja. Kuwataja waliokuwa ndani kabla lango halijafunguliwa ni jingine. Ukarimu unaosifiwa bila kutaja kazi iliyouwezesha unafanana sana na ule uhuru ambao mzee yule alikataa kuupokea.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, kwa sababu linatoka nyumbani. Sisi ni nani wa kuihukumu Texas? Jumba la Marhubi, lililojengwa na Sultani Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, liliungua mwaka 1899, na nguzo zake zilizobaki ni mahali pa watalii kupigia picha. Biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku Zanzibar mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kisheria hadi 1897, na mikarafuu haikujipanda. Karen, nje ya Nairobi, nyumba iliyojengwa mwaka 1912 na kukaliwa na Karen Blixen hadi 1931 ni makumbusho tangu 1986, na mgeni huizungukia bustani yake akiwa amekwisha kuisikia sauti ya mwandishi yule kabla ya sauti yoyote ya waliopalilia kahawa yake. Na ughaibuni, mara ngapi tumeona sebuleni picha ya nyumba ya babu shambani, na kusikia hadithi za machungwa, mashelisheli na maji ya kisima, hadithi ambazo ndani yake maembe hukomaa na huchumwa kwa hu-, bila mchumaji?

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lote. Tamaa ya kuwa na bustani isiyonyauka si ya Wamarekani peke yao. Aliyefukuzwa au aliyehama anaihitaji zaidi kuliko aliyebaki, kwa kuwa kumbukumbu ni ardhi pekee aliyobaki nayo. Ninaielewa haja hiyo. Lakini fasihi yetu bora imeikataa kwa niaba yetu. Gurnah ameondoka Zanzibar, ameandika kwa Kiingereza, amekuwa na kila sababu ya kuipamba bustani aliyoiacha, na bado ameiweka mikononi mwa mtumwa wa zamani na mtoto wa rehani. Kama aliweza kuwa mwadilifu kwa pepo yake mwenyewe, nasi twaweza kuwa waadilifu kwa yetu na kwa ya wenyeji wetu kwa kipimo kilekile.

Maboga na msusa

Kila vuli, katika bustani ya Dallas, hujengwa kijiji kidogo ambacho nyumba zake zimepambwa kwa maboga na jamaa zake wa rangi na maumbo mbalimbali, kwa maelfu mengi. Familia hupanga foleni kupiga picha. Zimo familia zetu pia, akina mama wakiwa wamevaa vitenge vilivyooana na vya mabinti zao, na masika wahitimu huja na majoho yao kusimama mbele ya tulipu. Nimewahi kumsikia mama mmoja, kwa lafudhi ya Kivu, akiuliza kwa Kiswahili bila kumlenga yeyote: haya maboga yote, nani atayala? Swali hilo ni la kihakiki kabisa. Mtu aliyepika boga kwa nazi, au aliyechuma msusa kwa ajili ya mchuzi wa jioni, hawezi kulitazama boga kama rangi tu. Anaona chakula kilichopangwa ukutani. Anauliza kuhusu mkono na kuhusu mdomo, vitu viwili ambavyo mpangaji wa mandhari amevitoa nje ya picha.

Houston imetupa mfano wa upande wa pili. Shirika la Plant It Forward limewapatia wakimbizi, wengi wao kutoka nchi mbili za Kongo, vipande vya ardhi ndani ya mji ili walime mboga na kuziuza. Bustani hizo hazina Clio wala Euterpe. Zina matuta, mipira ya maji na watu walioinama, na aliyepanda ndiye anayesimama sokoni na kutaja bei. Ukizisoma kwa sarufi niliyoieleza hapo juu, utaona kwamba kila kitenzi humo kina nafsi.

Fasihi ya Kiswahili ya ughaibuni bado haijafika katika bustani za aina yoyote kati ya hizi mbili. Inafika uwanja wa ndege, inafika kwenye theluji, kwenye teksi, kwenye zamu ya usiku ya kuwatunza wazee wa watu wengine. Hizo ni mada halali, lakini nyingi zinaichukulia Marekani kama nchi isiyo na historia ila ile inayoanza siku tulipotua. Mwandishi atakayemweka mhusika wake, mwanamke kutoka Uvira au kijana kutoka Tanga, asubuhi na mapema kwenye Rancho Encinal akiwa na toroli la tulipu zilizong'olewa zikiwa bado na rangi, atakuwa ameiunganisha Dallas na Zanzibar kwa uzi ambao wahakiki hatuwezi kuutunga kwa niaba yake. Mhusika huyo atajua kile ambacho mgeni wa saa nne hajui: kwamba maua yalikuwapo jana, kwamba yalikuwa mengine, na kwamba kuna mahali yanakotupwa.

Kazi ya mhakiki ni ndogo zaidi. Ni kuwapeleka wanafunzi na wasomaji wake katika bustani hizi wakiwa na Peponi na Kasri ya Mwinyi Fuad mkobani, na kuwaomba waandike upya maelezo ya kibao chochote watakachokikuta, kwa sharti moja: kila penye hu-, waweke kiambishi cha nafsi na kiambishi cha wakati. Nimelitoa zoezi hilo darasani. Sentensi fupi zilirefuka, nyingine zilikwama katikati kwa kukosa jina la mtenda, na wanafunzi waliomba ruhusa ya kwenda kulitafuta.